Ndoto ya Mchongaji Si Mali ya Dalali

Mtu aingiapo katika maonyesho ya vinyago jijini Dar es Salaam, mara nyingi jambo la kwanza linalomsemesha si kinyago bali ni karatasi. Karatasi yenyewe ni ndogo kama tiketi ya basi. Imebandikwa chini ya kazi iliyochongwa kwa mpingo, nayo imeandikwa maneno matatu tu: "Shetani. Mpingo. Mmakonde." Hapana jina la mchongaji. Hapana mwaka. Hapana kijiji. Na juu ya karatasi hiyo limesimama jitu lenye jicho moja, mkono mmoja umeota begani na wa pili umeota kisogoni, mdomo umefika sikioni, tumbo liko wazi na ndani ya tumbo amejikunja mtoto. Mgeni hushangaa, huzunguka mara mbili, kisha huuliza jitu hili limetoka wapi. Mwenye ukumbi, bila ya kusita, hujibu kwamba limetoka ndotoni.

Jibu hilo ni fupi, ni tamu, na huwafurahisha wageni. Lakini ndani yake umefichwa udhalimu mkubwa. Maana kama kazi imetoka ndotoni tu, basi haikutoka katika akili ya mtu wala katika mikono yake. Na kama haikutoka katika akili wala mikono ya mtu, basi hapana mtu wa kutajwa kwa jina lake wala wa kulipwa haki yake. Ndoto haina mshahara. Ndoto haina familia ya kulisha. Ndoto haidai kodi ya nyumba wala ada ya shule. Ndivyo neno zuri linavyogeuzwa kuwa mrija wa kunyonyea.

Haisemwi hapa kwamba wachongaji hawaoti. Wanaota, na wengi wao husema hivyo waziwazi bila ya haya. Linalopingwa ni lile pengo linaloachwa kwa makusudi kati ya ndoto ya usiku na kinyago kinachouzwa mchana. Katika pengo hilo ndimo walimojificha madalali, wajuzi wa uongo na wasomi wenye kasumba.

NDOTO ZA WAKUBWA

Yafaa kwanza kutazama jinsi ndoto za watu wengine zinavyoheshimiwa. Daktari wa Vienna, Sigmund Freud, alijipatia sifa kwa kitabu chake juu ya maana ya ndoto. Mwaka 1924 mshairi wa Ufaransa, André Breton, akatoa tamko mjini Paris kwamba sanaa mpya itachimbuliwa kutoka katika ndoto na katika yale yaliyojificha chini ya fikira za mchana. Mwaka 1931 mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí, akachora saa zinazoyeyuka kama samli juani, na picha hiyo hadi leo imetundikwa katika jumba kuu la sanaa za kisasa mjini New York. Mwaka 1936 wafuasi wa mtindo huo walifanya maonyesho makubwa mjini London, na magazeti yakapata la kusema.

Je, kuna aliyethubutu kubandika chini ya picha ya Dalí karatasi yenye maneno "Ndoto. Rangi. Mhispania"? La hasha! Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, mwaka umeandikwa, na bei huanzia kwenye jina. Ndoto ya Dalí ilihesabiwa kuwa ni kipaji cha Dalí. Ndoto ya Mmakonde ikahesabiwa kuwa ni tabia ya kabila, kama vile mvua ni tabia ya masika.

Haki isemwe hata kwa mtu wa mbali. Breton na wenzake waliyachukia makoloni, na mwaka huohuo wa 1931 waliwataka watu wa Paris wasiende kuyaona Maonyesho ya Makoloni yaliyofanyika huko. Kwa hilo wanastahili kukumbukwa. Lakini mwaka huohuo Breton na rafiki yake Paul Éluard walipeleka mnadani mjini Paris mkusanyiko wao wa sanamu za Afrika, za Marekani na za visiwa vya Pasifiki. Majina ya wauzaji yanajulikana hadi leo. Majina ya waliochonga hayajulikani. Ikiwa hata rafiki wa wanyonge aliuza kazi ya mnyonge bila ya jina lake, atafanya nini yule ambaye si rafiki?

JASHO LA TEZO

Mwanafunzi mmoja wa kike, katika maonyesho ya aina hii, alimkaribia mzee aliyekuwa ameketi juu ya kigoda karibu na mlango, miguu yake imejaa vumbi jeusi la mpingo.

"Shikamoo babu," alisema. "Wanasema hiki umekiota."

"Marahaba mjukuu wangu," mzee akajibu. "Nilikiota usiku mmoja. Kukichonga kumenichukua siku ishirini na tatu. Mbona hao hawakukwambia habari za hizo siku ishirini na tatu?"

Katika maneno hayo ya mzee mna falsafa nzima ya jambo hili. Mpingo si udongo wa mfinyanzi. Ni mti mgumu kuliko karibu miti yote ya nchi hii, mti unaotaka miongo mingi ya miaka kabla kiini chake cheusi hakijafikia unene wa kuchongwa. Mchongaji huutazama kwanza ule upindo wa gogo, mafundo yake na nyufa zake. Hulikata kwa shoka, hulipunguza kwa tezo, hulitoboa kwa patasi, hulilainisha kwa tupa na msasa, na kila pigo ni hesabu, maana kipande kikishang'oka hakirudi. Mtu aliyelala hawezi kufanya kazi hiyo. Ni lazima awe macho, tena macho makali.

Na hiyo ndoto yenyewe haikuanguka kutoka mawinguni. Wamakonde wanaishi kandokando ya mto Ruvuma, upande wa Newala na Mtwara katika Tanzania, na upande wa uwanda wa Mueda katika Msumbiji. Tangu zamani walichonga barakoa za mapiko kwa ajili ya ngoma zinazohusiana na jando, na mchongaji wa mapiko alikuwa mtu wa heshima kijijini. Utawala wa Wareno ulipowazidishia kodi na kazi za shokoa, maelfu walivuka mto wakaja Tanganyika kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Waliokuja hawakuja na fedha. Walikuja na tezo. Tarehe 16 Juni, 1960, huko Mueda, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika kudai haki zao, na habari za mauaji hayo zikavuka Ruvuma pamoja na wakimbizi.

Ni katika miaka ya 1950, miongoni mwa wahamiaji hao, ndipo mtindo wa mashetani ulipojitokeza. Mmakonde wa upande wa Msumbiji, Samaki Likankoa, ndiye anayetajwa na wengi kuwa mwanzilishi wake. Pamoja na mtindo huo ukakua ule wa minara ya watu waliobebana, unaoitwa Ujamaa, ambao Roberto Yakobo Sangwani hutajwa katika chimbuko lake. Kwa hiyo anayesema kwamba mashetani ya Kimakonde ni mawazo ya kale yasiyobadilika, yaliyolala msituni tangu dunia kuumbwa, hajui asemalo. Ni sanaa mpya. Umri wake haujafikia karne moja. Ni kazi ya watu waliohama, walioajiriwa, waliopigwa na nyapara, waliolala katika mabanda ya mkonge na kuota walikotoka.

Mtu mwenye njaa huota chakula. Mtu aliyenyang'anywa nchi huota nini? Msomaji na alitazame tena lile jitu lenye tumbo lililo wazi, kabla ya kusema kwamba ni mchezo wa usingizi.

KASUMBA YA WENYEJI

Lakini lingekuwa kosa kuwatupia wageni lawama zote. Siku yoyote ya maonyesho, mtu akisimama mlangoni na kuhesabu, ataona kwamba wageni wa ng'ambo huingia kwa makundi, na wenyeji hupita njia wakiharakisha. Mwenyeji mwenye elimu akialikwa hutabasamu na kusema kwamba mambo ya mashetani ni ushirikina. Mwenyeji mcha Mungu husema kwamba hawezi kuweka shetani sebuleni kwake. Wote wawili wana kalenda ya picha za milima yenye theluji ukutani, na hawaoni ajabu.

Neno lenyewe limewakosesha. Katika Kiswahili cha pwani, shetani si yule Ibilisi wa vitabuni peke yake. Ni pepo pia, ni jini, ni kiumbe cha vichakani na cha mitoni, mwenye hila na mwenye mizaha, ambaye mtu humkuta katika hadithi za bibi. Mashetani ya mpingo hutisha, lakini pia huchekesha: mmoja anavuta sikio lake mwenyewe, mwingine amemeza mtungi. Mchongaji anayemtoa kiumbe huyo gizani na kumweka mezani, mchana kweupe, hamwabudu. Anamfichua. Wahenga walikwisha kusema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Inakuwaje basi leo wenye kinyago wanakikimbia, na wasio na kinyago wanakikimbilia?

Ajabu nyingine ni hii. Mwaka 1971 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake iitwayo Mashetani. Wasomi waliisoma, wakaisifu, wakaijadili madarasani, wakaeleza jinsi shetani anavyoweza kuwa mfano wa ukoloni uliogeuza sura. Hapana aliyesema kwamba tamthilia hiyo ni ushirikina. Shetani wa karatasi anafunzwa darasani. Shetani wa mpingo anaambiwa apelekwe kwenye duka la watalii. Tofauti ni ipi, isipokuwa kwamba wa kwanza aliandikwa na mtu wa chuo kikuu na wa pili alichongwa na mtu ambaye pengine hakumaliza darasa la nne?

Na wale wanaozidharau ndoto kwa kisingizio cha dini yafaa wakumbushwe habari za Nabii Yusufu, ambazo Waislamu na Wakristo wote wanazijua. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono na ng'ombe saba waliokonda. Ndoto ile peke yake isingemshibisha mtu. Aliyeiokoa Misri ni yule aliyeielewa ndoto, kisha akasimamia kazi ya kujaza maghala kwa miaka saba. Kwa sababu hiyo Yusufu alipewa jina, cheo na heshima. Hakuambiwa kwamba ndoto ni ya mfalme na nafaka ni ya Misri, naye aende zake.

DALALI NA MNADA

Sasa yatazamwe mambo yanavyokwenda sokoni. Mchongaji anauza kwa sababu jioni kuna sufuria ya kujazwa. Dalali ananunua kwa sababu ana nafasi ya kungoja. Mchongaji akitaja bei, dalali humjibu kwamba kazi hii ni ya ndoto tu, ataota nyingine kesho. Kinyago kikifika mikononi mwa mnunuzi wa mwisho, dalali huyohuyo hugeuza ulimi: sasa kazi ni ya ajabu, haina mfano, haitachongwa tena, kwa kuwa ndoto haiotwi mara mbili. Ndoto ni rahisi inaponunuliwa na ghali inapouzwa. Hilo si soko. Ni mazingaombwe.

Historia ya wasanii wa nchi hii imejaa mafunzo ya namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini, akauza picha zake Oyster Bay kwa wageni waliokuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi walioamini kwamba wanamfukuza mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini. Mtindo wake umeenea duniani, jina lake limekuwa jina la biashara, na wapo wanaouza "Tingatinga" bila ya kujua kwamba Tingatinga alikuwa mtu. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliyageuza mashetani ya Kimakonde yakacheza kwa rangi katika picha zilizofika katika kumbi za Ulaya, Marekani na Japani. Huyo jina lake lilipona. Kwa kila Lilanga mmoja, ni wangapi waliozikwa pamoja na majina yao?

Yupo atakayesema kwamba jina si kitu, mradi kazi imebaki. Mtu huyo akumbushwe kisa cha barakoa moja ya Kimakonde. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam na kuiba barakoa hiyo pamoja na vitu vingine. Ikaonekana baadaye katika jumba moja la makumbusho la watu binafsi mjini Geneva, ambalo lilikuwa limeinunua. Ilirudishwa mikononi mwa Tanzania mwaka 2010, baada ya miaka ishirini na sita. Iliweza kudaiwa kwa sababu makumbusho yalikuwa na maandishi: kitu hiki ni chetu, na hapa ndipo kilipokuwa. Maandishi ndiyo yaliyoirudisha. Kinyago kisicho na jina wala mwaka wala kijiji kikiibiwa leo, atakidai nani, na kwa ushahidi gani?

KUJIKOSOA

Wachongaji nao hawana budi kuambiwa ukweli, maana anayempenda mtu humkosoa. Wapo miongoni mwao wanaochonga tembo mmoja mara mia tatu na kumwita kila mmoja wa pekee. Wapo wanaochukua mti mwepesi, wakaupaka rangi ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Wapo vijana ambao hawajawahi kuota chochote isipokuwa fedha ya mtalii, na wanaiga mashetani ya wazee wao bila ya kujua maana ya hata kidole kimoja. Udanganyifu huo unamharibia jina hata yule mwaminifu, nao unampa dalali sababu ya kushusha bei ya wote.

Tena mti wenyewe hauna subira ya milele. Mpingo unatakiwa na watengenezaji wa zumari na filimbi za ng'ambo, unakatwa kwa mkaa, na tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mchongaji asiyepanda, wala asiyeuliza gogo lake limekatwa wapi, anaota juu ya kitanda kinacholiwa na mchwa.

LINALOPASWA KUFANYWA

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 nchi ilipokuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa Taifa na vijana, na akaeleza kwamba katika makosa ya ukoloni hakuna lililo baya zaidi kuliko kuwafanya watu waamini kwamba hawana utamaduni wao wenyewe. Zaidi ya miaka sitini imepita. Ukoloni ulikwenda zake. Karatasi isiyo na jina imebaki, nayo inabandikwa na mikono ya wenyeji.

Kuibandua hakuhitaji fedha nyingi wala tume. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mchongaji kama inavyomtambua mwandishi wa vitabu, na haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi ni yake. Kwa hiyo kila ukumbi unaofungua milango yake kwa umma na uandike chini ya kila kazi jina la mchongaji, kijiji chake na mwaka. Kila muuzaji na awe na daftari linaloonyesha alichomlipa mchongaji, na mnunuzi awe na haki ya kulitazama. Ufaransa ilitunga tangu mwaka 1920 sheria ya kumpa msanii fungu lake kila kazi yake inapouzwa upya. Hapana sababu ya haki hiyo kuonekana ya kawaida kwa mchoraji wa Paris na ya kichekesho kwa mchongaji wa Mwenge.

Makumbusho nayo na yanunue kazi za walio hai wangali hai, badala ya kungoja wafe ndipo yaanze kuzitafuta kwenye minada ya ng'ambo. Walimu na wawapeleke wanafunzi kwenye maonyesho, si kwa kutazama tu, bali wakae na wazee kama alivyofanya yule binti, waulize, waandike majibu. Mzee mchongaji akifa bila ya kuulizwa, maktaba nzima imeungua na hakuna aliyesikia harufu ya moshi.

Na wenyeji wanaopita njia na waingie. Kuingia hakumgeuzi mtu kuwa mshirikina, kama vile kusoma habari za ndoto ya Farao hakumgeuzi mtu kuwa Farao. Akishaingia, asimwulize mwenye ukumbi kwamba kinyago kimetoka wapi. Amwulize kimechongwa na nani. Akijibiwa kwamba haijulikani, adai ijulikane, tena adai kwa sauti ya kusikika hadi nje, na asitoe hata senti moja mpaka jina limeandikwa.

Siku maswali hayo yatakapokuwa mengi, karatasi itabadilika. Dalali atalazimika kuandika juu yake jina la mtu, na mtu huyo, aliyeota usiku mmoja na kufanya kazi siku ishirini na tatu, atakuwa na cha kuwaonyesha wajukuu wake.